Awussu Bila Kuskusi

Katika mtaa wetu hapa Mahdia, pwani ya Tunisia, hakuna mwanamke aliyesoma vitabu vingi kunishinda mimi Naziha. Vitabu ishirini na tatu. Kumaliza, sijamaliza hata kimoja, lakini kurasa za mwanzo nazijua kama Alhamdu. Ukitaka kujua msichana alikutana na nani pale bustanini, njoo kwangu. Ukitaka kujua kama waliishia kuoana, kamuulize mwingine.

Si kwamba sijui kusoma. Shule ya msingi niliimaliza, na cheti ninacho, kimelala ndani ya bati la biskuti pamoja na meno ya kwanza ya wanangu. Kilichonishinda ni kuskusi.

Kwetu wakati wa mtu kusoma ni mmoja tu, nao ni kiangazi. Majira ya baridi kuna zeituni, na masika kuna harusi na wagonjwa wa kutembelea. Kiangazi ndipo ofisi zinapofungwa saa nane mchana, mji mzima ukalala, hata paka wakakubaliana na panya. Basi hapo hapo, Agosti inapoingia na jua la Awussu, zile siku za joto kali kuliko zote, linapoanza kuuma mapaa, ndipo wifi yangu Mannubiya alipokuwa akiwasili na magunia.

Huyu Mannubiya ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Ana miaka sabini na sita, mimi sabini na mmoja, na tangu niingie ukoo ule kama bibi harusi hajawahi kukosa. Magunia manne ya unga wa ngano wa chenga, moja lake, matatu ya ukoo. Uani kwangu ni kupana, kwa hiyo kazi ilikuwa kwangu. Unakaa chini, chano cha mti kati ya miguu, unanyunyiza maji, unanyunyiza unga, unaviringisha kwa kiganja mpaka kiganja kisahau kuwa ni chako. Halafu unachekecha mara tatu, unapika kwa mvuke, unatandaza kwenye shuka juani, unafukuza ndege, unageuza, unafukuza ndege tena. Siku kumi na mbili, wakati mwingine kumi na tano. Ikisha unajaza mitungi ya mwaka mzima, na wana wa kiume wanakuja na magari yao kuchukua fungu lao, wanakula sahani moja wamesimama, wanasema, “Mama, kuskusi ya mkono haina mfano,” wanaondoka.

Na nyumba isiyo na kuskusi yake mitungini, watu wanasema mwenyewe mikono imekufa. Wanasema hivyo na huku unasikia.

Nimefanya kazi hiyo viangazi arobaini na sita. Vitabu vyangu vyote ishirini na tatu viliishia Julai.

Mwaka huu maneno yalianza kwa binti yangu Rim, ninayekaa naye. Rim ana miaka thelathini na minane, anafanya kazi baraza la mji, na hajaolewa kwa hiari yake. Mwenye swali akamuulize mwenyewe, mimi nilishauliza nikajibiwa. Kila Julai ikikaribia kwisha, Rim huchukua daftari akaandika atakayoyafanya mwezi unaokuja. Kusoma vitabu vinane. Kuogelea mpaka lile jabali jeusi na kurudi bila kupumzika. Kulala bila saa ya kuamsha. Kutopokea simu ya mkuu wake baada ya saa nane. Halafu kila anachokitimiza anakipigia mstari, na uso wake unang’aa kama mtu aliyelipwa mahari mara mbili.

Nilimcheka. Nikamwambia kwetu watu walipumzika bila kuandikiana, mtu alichoka akaanguka, hayo ndiyo yalikuwa mapumziko.

“Ndiyo, Mama,” akasema, wala hakuinua kichwa. “Na wewe umeanguka mara ngapi?”

Akachana karatasi, akaiweka chini ya bakuli la sukari, na kalamu juu yake, akaenda zake kulala.

Karatasi ikakaa siku mbili. Siku ya tatu, nikisubiri kahawa ichemke, nikaandika. Niliandika kwamba nitasoma kitabu kimoja, kimoja tu, mpaka neno la mwisho na bei iliyopigwa mgongoni. Kwamba nitaingia baharini kila alfajiri ya Awussu, mpaka shingoni, si mpaka magotini kama mtu anayefua mazulia. Kwamba nitalala mchana mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo ili hata karatasi isisikie vizuri, nikaandika: kuskusi hapana.

Rim aliporudi kazini akaisoma, akanitazama, akaenda maktaba na viatu vyake vya ofisini. Akaniletea riwaya ya kurasa mia tatu na kumi na mbili. Ukurasa wa tatu tu, mwanamke yuko kituo cha reli na mumewe na masanduku sita. Anamwambia mumewe, ngoja nikanunue maji. Anakwenda. Harudi. Nikajua nimepata kitabu changu. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama watamrudisha.

Lakini kwanza ilibidi mimi mwenyewe niende kununua maji.

Tarehe thelathini Julai Mannubiya akaja kuhesabu mitungi. Hukaa kwenye kiti kile kile karibu na kisima, anavua viatu, anaomba kahawa yenye maji ya maua ya mchungwa, na kabla hajainywa amekwisha kupanga nani atakaa wapi. Mimi usiku kucha nilikuwa nimeandaa maneno ya haki: wifi yangu, tumezeeka, mwaka huu nataka kupumzika. Maneno mazuri kabisa. Nikafungua kinywa, na kinywa kikaenda chenyewe kwenye uongo, kama punda anavyokwenda zizini kwake.

“Daktari kanikataza unga.”

Akakishusha kikombe. “Unga wa kula?”

“Wa kushika. Vumbi lake. Lile jicho alilonitoa mtoto wa jicho, likiingiwa na vumbi la unga ndani ya Awussu, basi tena, nitakujua kwa sauti tu.”

“Si ulipasuliwa Februari, wewe?”

“Ndiyo maana. Mwezi wa sita baada ya kupasuliwa ndio mbaya.”

Akafikiri. “Na bahari kaikataza?”

“Bahari kaniandikia. Kila alfajiri.”

“Daktari gani huyo, wifi, anayekataza unga na kuandikia chumvi?”

“Kijana,” nikasema. “Wa siku hizi.”

Nilingoja anicheke, au anilaani, au amwite Rim aape. Hakufanya lolote. Alivaa viatu vyake, akasema heri macho kuliko kuskusi, na kama ni hivyo basi magunia yataletwa kwake, atafanya juu ya paa lake, peke yake, maana nyumbani kwake mwenye mikono mizima ni Hasna, mke wa mwanawe, na vidole vya Hasna vimezoea kuviringisha simu tu. Akaondoka haraka kuliko alivyokuja. Kahawa hakuimaliza. Nikajua nimemuudhi, na nikajua pia kwamba nimepona.

Wenzangu, sijui niwaelezeje Agosti mosi ya mwaka huu. Niliamka kabla ya adhana kwa mazoea, nikakaa kitandani nikisubiri mkokoteni wa magunia upige kona. Haukupiga. Uani palikuwa peupe, kimya, hakuna chano, hakuna shuka, shomoro wananitazama kama wanaouliza, vipi, mwaka huu hatufukuzwi? Nikachukua taulo, nikashuka majabalini.

Wanawake wa mtaa wetu tunaingia na magauni yetu ya nyumbani, alfajiri, kabla wanaume hawajaja na vijiti vyao vya kuvulia. Maji ya Awussu yanatoa maumivu ya mwaka mzima, ndivyo tulivyolelewa. Siku ya kwanza niliingia mpaka kiunoni. Ya pili mpaka kifuani. Ya tatu wimbi likanisaidia, nikameza kidogo, nikatoka nacheka peke yangu kama mwehu. Ikisha nikirudi nyumbani, tini mbili, kipande cha mkate na mafuta, halafu kitabu. Nasoma polepole. Jicho moja jipya, la pili linasubiri zamu yake, na kidole kinatembea chini ya mstari, maana mwalimu wangu wa darasa la pili alituzoesha hivyo na hakuna aliyenambia niache. Kurasa saba kwa siku. Mwanamke wangu akapanda treni bila tiketi. Akashuka mji asioujua. Akauza bangili.

Mchana nalala, ufunguo chini ya mto. Rim akirudi ananisikia mlangoni natoa sauti ambayo hapa sitaitaja.

Siku ya sita nilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Mwanamke amepata chumba cha kupanga, na mlango unagongwa. Nani anagonga? Hapo hapo simu ikalia.

“Nimekupigia tu kukujulia hali ya jicho,” akasema Mannubiya.

Nikamwambia jicho halijambo. Akasema alhamdulillahi. Halafu akapumua ndani ya simu, pumzi ndefu, ya mtu anayepanda ngazi na gunia kichwani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema hakuna kitu, usijali, ni mgongo tu, leo nimemaliza gunia la kwanza, jua la huku juu ni kali kidogo, lakini wewe tunza jicho.

Nikarudi kwenye kitabu. Mlango ulikuwa bado unagongwa, lakini mimi niliona paa la Mannubiya, na yeye amekaa katikati ya paa kama kuku anayeatamia, miaka sabini na sita, anaviringisha unga wa wanangu. Nikausoma ukurasa wa arobaini na moja mara tatu, sikuelewa neno.

Kesho yake akapiga tena, mara hii saa yangu ya kulala. Kiganja kimechubuka, si sana. Keshokutwa akapiga. Goti limevimba, limekuwa kama tikiti, lakini gunia la pili linaendelea. Siku nyingine akaniambia anafanya kazi amefumba macho, kwa sababu jasho linayachoma, “na mimi macho yangu hayana daktari.” Hakunilaumu hata mara moja. Angenilaumu ningejitetea.

Nikamsimulia Rim. Rim akasema shangazi ni mtu mzima, hakuna aliyemlazimisha, kuskusi inauzwa madukani kwa pakiti, safi, hata huko Marseille wanakula hiyo. Nikamwambia asirudie maneno hayo mbele ya shangazi yake, atamuua. Mannubiya aliwahi kukaa karamuni mwa watu, akaonja kijiko kimoja, akakirudisha mezani akasema, “Hii imetengenezwa na mashine, na mashine yenyewe haikupenda kazi.” Mwenye karamu hakuozesha tena mpaka leo.

Siku kumi na mbili zikapita hivyo. Baharini nilikuwa naingia, lakini maji hayakuniingia. Nikilala, ufunguo ulinichoma sikioni. Na kile kitabu, mwezi ukaenda nusu, mlango wa yule mwanamke unagongwa tu, na mimi siwezi kumfungulia. Nikaona kwamba mwezi huu si wangu. Nimeuiba, na cha wizi hakiliki kwa raha.

Tarehe kumi na nane nikachukua ile karatasi. Nikapiga mstari juu ya kitabu, juu ya bahari, juu ya usingizi. Si mstari wa Rim wa kutimiza, ule mwingine. Niliposhika kalamu juu ya maneno ya chini kabisa, mkono ulisita, nikaona aibu kulia kwa sababu ya karatasi iliyokaa chini ya sukari. Nikayafuta nayo. Kitabu nikakiweka juu ya mkoba wa Rim ili akirudishe maktaba. Nikafunga kitambaa kichwani, nikachukua vichekecheo vyangu vitatu, nikatoka.

Mannubiya anakaa upande wa mnara wa taa, mwendo mfupi baada ya makaburi. Njia nzima nilikuwa napanga toba yangu. Saa nne asubuhi jua lilikuwa limekwisha kuokota kila mtu barabarani. Mlango wake ulikuwa wazi kama kawaida. Nikaita, Hasna hakuitika. Chano cha mti kilikuwa kimeegemezwa ukutani uani, na paka amelala ndani yake, amejikunja vizuri, kama paka aliyekaa humo siku nyingi. Sikulitia maanani. Nilikuwa na toba mdomoni, na mtu mwenye toba mdomoni haoni paka.

Nikapanda ngazi.

Shuka nne nyeupe zilikuwa zimetandazwa juu ya paa, kuskusi imejaa, mahali penyewe pa kuonekana na majirani wa pande zote. Na kule kwenye kivuli cha tangi la maji, godoro. Juu ya godoro, wifi yangu. Miguu ndani ya beseni. Nusu ya tikiti maji mapajani, kijiko kimesimama katikati yake. Gauni lake limelowa chapachapa mwilini, nywele nyeupe ameziachia mgongoni zinachuruzika maji, na kando yake redio ndogo inaongea peke yake.

Aliponiona akavuta shuka iliyokuwa kambani akajifunika mpaka kidevuni.

“Jasho,” akasema. “Usiniangalie, wifi. Nimetoka kazini sasa hivi.”

Ningenyamaza nikatazama vizuri, lakini toba ilikuwa imekwisha kuanza kutoka. Nikakaa chini mbele yake, nikaweka vichekecheo, nikasema yote. Kwamba daktari hakukataza unga. Kwamba jicho ni zima, laona hata chunusi. Kwamba nilitaka mwezi mmoja tu katika maisha yangu, nisome kitabu kimoja nikimalize, niingie baharini, nilale. Kwamba nimeshindwa, nimekuja kumsaidia gunia lililobaki, na anisamehe.

Macho ya Mannubiya yalikwenda kwenye ngazi, yakarudi kwangu, yakaenda kwenye tikiti. Niliona kama kuna neno limefika midomoni mwake, likageuka njiani. Halafu akajiinua, akawa mrefu ndani ya shuka ile kama kadhi.

“Nimekusamehe,” akasema. “Lakini ungeona mikono hii juzi, ungelia.”

Nikasema nionyeshe. Akasema leo ni nafuu.

Nikajisogeza kwenye shuka ya karibu, nipate pa kuanzia, nikachota gao la kuskusi. Kiganja changu kimeshika kuskusi viangazi arobaini na sita, na kabla macho hayajaona, kiganja kilikwisha jua. Ya kwetu haijawahi kuwa na moyo mmoja. Kuna chenga kubwa kama dengu, kuna ndogo kama mchanga, na ya Mannubiya ina mabonge zaidi kwa sababu ana haraka. Hii ilikuwa sawasawa yote, duara, rangi moja, imejipanga kama askari siku ya uhuru. Hakuna mkono wa binadamu unaotoa chenga kama zile.

Nikaiachia ianguke kidogo kidogo kati ya vidole. Kitu kikaniondoka mabegani, kizito, cha siku kumi na mbili. Hapana, cha zamani kuliko hapo. Nikausikia upepo wa bahari shingoni. Pumzi iliingia mpaka chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imefika tangu Julai. Viangazi arobaini na sita nilidhani yeye ndiye anayeipenda kazi hii, nami namfuata. Na yeye je, alidhani nani anaipenda?

Ningeweza kusema pale pale. Lakini mtu aliyekula usingizi wangu wa mchana siku kumi na mbili, nami nilikuwa na haki ya kumchezea kidogo.

“Imetoka nzuri, wifi,” nikasema.

“Mkono tu.”

“Umechekecha mara ngapi?”

“Tatu, kama siku zote.”

“Na mvuke?”

“Alfajiri. Watu wamelala, mie nipo na moto.”

“Peke yako?”

“Na nani tena? Hasna? Hasna hajui hata gunia linafunguliwa upande gani.”

Nikatikisa kichwa kwa huruma. Nikamwambia Mungu amlipe kwa kila chenga. Akaitikia amina, akarudisha kijiko kwenye tikiti, na nikaona mabega yake nayo yameanza kushuka.

Chini mlango ukagonga ukuta. Kitu kikatuliwa uani, kikachakarisha, karatasi nyingi kwa pamoja, na sauti ya Hasna ikapanda ngazi mbele yake mwenyewe.

“Mama, nimerudi! Chenga za kati zimekwisha dukani, mwenye duka kabakiwa na nyembamba tu, nimechukua pakiti ishirini. Nizimwage juu ya zile za juzi, au unakwenda kuogelea tena kwanza?”

Mannubiya alibaki na kijiko hewani. Maji ya tikiti yakamtiririka mpaka kiwikoni, hakuyafuta. Akatazama mnara wa taa, akautazama kwa makini sana, kama mtu aliyeuona leo kwa mara ya kwanza.

“Huyu mtoto,” akasema, “sijui anaongea na mama yake yupi.”